Faili la Zamani Lisifutwe Kabla Jipya Halijahakikiwa



Siku ya mshahara ilifika na mshahara haukufika. Ndivyo ilivyokuwa mwaka uliopita katika kiwanda kimoja cha upande huu wetu wa Thika, ambacho hatukitaji jina kwa sababu mazungumzo yetu nacho hayajakwisha. Watu walikaa toka asubuhi wakitazama simu zao, na ujumbe wa benki hauingii. Waliokuwa na kodi ya nyumba ya kulipa walikwenda kuomba siku mbili tatu kwa wenye nyumba. Waliokuwa na watoto wa shule walijua wenyewe la kufanya.

Siku ya kwanza tuliambiwa hivi: kompyuta imepoteza faili la masaa. Siku ya pili maneno yakageuka: karani wa zamu ya usiku amepoteza faili la masaa. Siku ya tatu karani huyo alipewa barua ya kumwambia kwamba hasara iliyopatikana itakatwa katika mshahara wake kidogo kidogo. Tazameni, ndugu, jinsi kosa lilivyosafiri upesi. Katika siku tatu lilitoka katika mashine, likapita juu ya vichwa vya wakubwa wote bila kumgusa hata mmoja, likatua juu ya kijana anayepata mshahara mdogo kuliko wote katika ofisi ile.

Halmashauri ya tawi ilifanya uchunguzi wake, na twataka kuwaeleza wanachama tuliyoyaona, kwa maana jambo hili si la makarani peke yao. Mtu wa mashine ya kufuma, mtu wa kiwanda cha ngozi, mama wa kuchambua kahawa upande wa Ruiru, wote siku hizi masaa yao yamo katika faili. Faili likifutwa, jasho la mwezi limefutwa.

Kwanza tueleze kazi yenyewe. Kila usiku, viwanda vikiwa vimefunga ofisi, mashine hupewa fungu la kazi lifanywe kwa mkupuo, hatua kwa hatua, bila mtu kukaa mbele yake na kuulizwa ndiyo au siyo. Maagizo yameandikwa mapema. Mashine huyasoma toka juu hata chini na kuyatimiza. Haiogopi, haina shaka, wala haisemi, “Ngoja kwanza, hili si faili la watu mia nane?” Ikiambiwa futa, hufuta.

Katika kiwanda hicho maagizo yalikuwa na hatua nne. Ya kwanza ilinakili faili la mwezi na kuweka nakala pembeni, juu ya nakala ya jana. Ya pili ilichanganya masaa ya siku hiyo na masaa ya mwezi katika faili la muda. Ya tatu ilifuta faili la mwezi. Ya nne iliandika faili jipya la mwezi, kwa jina lile lile, kutoka katika lile la muda. Kwa miaka kadhaa kazi hii ilikwenda vizuri, na mambo yanayokwenda vizuri hayaulizwi na mtu.

Usiku huo nafasi katika diski ilikuwa imejaa. Hatua ya pili ikashindwa kabla haijaandika hata mstari mmoja. Lakini hapakuwa na agizo la kusema, “Hatua ya pili ikishindwa, simama.” Basi hatua ya tatu ikafuta faili la mwezi kama ilivyoamrishwa, na ya nne ikaandika faili tupu. Mpaka hapo, ndugu, hapana mkono wa mtu uliogusa kitu. Na mpaka hapo hasara ilikuwa ndogo, kwa maana ile nakala ya hatua ya kwanza ilikuwa nzima pembeni.

Karani aliona faili tupu karibu saa kumi ya usiku. Alifanya lile alilofundishwa, yaani kupiga simu kwa mkubwa wake. Mkubwa, akiwa kitandani, akamwambia afungue nafasi katika diski na kuiendesha kazi upya. Karani akaiendesha upya. Na hatua ya kwanza, ambayo kazi yake ni kunakili faili la mwezi, ikanakili faili tupu juu ya nakala nzima. Hapo ndipo masaa ya mwezi yalipokwisha kabisa. Saa ya getini ilikuwa imeweka alama za siku saba tu. Siku nyingine zote zilitafutwa katika vitabu vya wasimamizi, na vitabu vya wasimamizi twavijua vilivyo.

Sasa twauliza: ni nani aliyepoteza faili? Aliyeyaandika maagizo yasiyo na neno la kusimama? Aliyekubali nakala moja tu, tena inayoandikwa juu yake kila usiku? Aliyetoa amri kwa simu akiwa hajaona kitu? Au kijana aliyetii?

Tulipeleka maneno haya kwa mzee mmoja mstaafu anayekaa Ngoingwa, huko njia ya Mang'u, ambaye alifanya kazi miaka mingi Nairobi katika chumba cha mashine kubwa, zile zilizojaza ukumbi mzima na kuhitaji baridi kama ghala la nyama. Tulidhani atatucheka, kwa kuwa mashine ya kiwanda chetu si kubwa kuliko kabati. Hakucheka. Alisema kosa hilo lilikuwako kabla ya wengi wetu kuzaliwa, na dawa yake pia.

Alituonyesha kwa kitako cha kikombe jinsi gurudumu la ukanda lilivyokuwa. Nyuma ya gurudumu palikuwa na mfuo, na katika mfuo hutiwa pete ya plastiki. Pete ikiwamo, mashine huweza kuandika juu ya ukanda huo. Pete isipokuwamo, mashine husoma tu, hata ukiiamrisha namna gani. Ukanda wa mishahara ukitoka kuandikwa, pete hung'olewa mara moja na ukanda hurudishwa ghalani. “Hatukuwa na akili kuliko vijana wa leo,” alisema, “lakini pete ilikuwa na akili.”

Na tena palikuwa na desturi ya babu, baba na mwana. Faili la leo ni mwana, huzaliwa kutokana na la jana ambalo ni baba, pamoja na karatasi za siku. La juzi ni babu. Mwana akizaliwa kilema, baba yupo, na karatasi zipo, azaliwe upya. Baba akionekana naye ana kasoro, babu yupo. Hakuna aliyeruhusiwa kumfuta babu mpaka mjukuu amehesabiwa na jumla yake kulingana na jumla ya karatasi. Watu wa pwani na watu wa bara walifanya hivyo, na wazungu waliouza mashine walifundisha hivyo.

Kisha mzee alitueleza jinsi maagizo ya mashine kubwa za IBM yanavyoandikwa, mashine ambazo ukoo wake ulianza na ile System/360 iliyotangazwa mwezi wa Aprili 1964, na ambazo wajukuu zake wanafanya kazi hata leo katika mabenki makubwa ya dunia. Twayaeleza hapa kwa urefu kidogo kwa ajili ya makarani, na wengine wavumilie.

Kila faili linaloguswa na kazi huandikiwa mstari wake, na katika mstari huo kuna neno DISP. Neno hilo humlazimisha mwandishi kujibu maswali matatu: faili hili sasa lina hali gani, kazi ikiisha vizuri lifanyweje, na kazi ikivunjika lifanyweje. Angalieni swali la tatu. Mwandishi akitaka kuliruka, aweza, lakini mahali pake papo mbele ya macho yake. Katika maagizo ya kiwanda chetu hata mahali pa kuuliza hapakuwapo.

Kwa swali la kwanza kuna majibu manne. NEW maana yake faili halipo, lifanywe sasa. Kama jina hilo limekwisha kuwako katika diski ile ile, kazi hukataa kwenda, na faili la zamani hubaki salama. SHR maana yake lipo, nalisoma pamoja na wenzangu. OLD maana yake lipo, na ninalitaka peke yangu. Nikiandika, naanza mstari wa kwanza, na yaliyokuwamo yamekwenda. MOD maana yake fungua mwisho wa faili uongeze hapo, na kama halipo, lifanye.

Makarani wengi huchukia NEW kwa sababu hugoma. Ukiiendesha kazi mara ya pili, hukuambia jina limekwisha kutumika, na wewe una haraka na mkubwa anapiga simu. Basi mtu hubadili neno likawa OLD, na kazi hupita bila kelele. Sisi twasema kelele ile ndiyo pete ya plastiki ya siku hizi. Mgomo wa mashine, kama mgomo wa watu, huwa na sababu, na mwenye busara huuliza sababu kabla ya kuuvunja. (Ila yapo mambo ya kujihadhari hata kwa NEW: jina hilo likiwa katika diski nyingine, huenda faili jipya likaandikwa lakini lisiingizwe katika orodha ya mashine, na kazi ya kesho ikasoma la zamani bila mtu kujua. Kwa hivyo hata kazi iliyoisha vizuri isomwe ripoti yake.)

MOD nayo ina ubaya wake, na huu umewapata wanachama wetu mahali pengine. Kazi ya masaa ya ziada ikiendeshwa mara mbili usiku mmoja kwa MOD, masaa huingia mara mbili. Watu hupata fedha nyingi mwezi huu, hufurahi, huzitumia. Mwezi ujao hukatwa zote kwa mara moja, tena kwa maneno makali kana kwamba waliiba.

Iko hila moja inayotumika sana, na mzee aliitaja kwa tabasamu. Kuna programu ya IBM iitwayo IEFBR14, ambayo kazi yake ni kutofanya kitu cho chote. Huanza na kuisha. Lakini kwa kuwa kila hatua lazima iwe na programu, watu huitumia hiyo ili mistari ya mafaili ipate kutimizwa. Ukiandika MOD kisha DELETE mbele yake, faili likiwapo hufutwa, na lisipokuwapo hufanywa na kufutwa papo hapo, na kazi haigombi kamwe. Hutiwa mwanzoni mwa kazi ili NEW ya baadaye ipite. Husemwa kwamba hata programu hiyo isiyofanya kitu ilipotoka mara ya kwanza ilikuwa na kosa: haikusafisha mahali pa kuwekea jibu, ikatoa jibu la ovyo kana kwamba imeshindwa, ikabidi itengenezwe. Sisi hatujapata kuona programu ya wakubwa ambayo ni salama kuliko ile isiyofanya kitu, na hata hiyo ilihitaji fundi.

Hila hiyo si mbaya kwa faili la muda, ambalo laweza kufanywa tena wakati wo wote. Ubaya ni kuifanyia faili ambalo ndani yake mna jasho la watu. Hapo umefuta la zamani kwanza, nawe hujui kama jipya litazaliwa. Ndivyo hatua ya tatu ya kiwanda chetu ilivyokuwa, kwa majina mengine.

Njia iliyo bora katika mashine hizo ni ile ya vizazi, nayo ni babu, baba na mwana waliofanywa kuwa sheria ya mashine. Faili lina jina moja la ukoo. Lililopo sasa ni sifuri, jipya linaloandikwa ni +1, la jana ni -1, la juzi ni -2, na mashine yenyewe huhesabu. Jipya halimgusi mzazi wake. Kazi ikivunjika, +1 huondolewa na sifuri hubaki pale pale lilipokuwa. Lakini hapa napo mzee alituonya, na onyo lake ni la maana kwa mambo yaliyotupata. Ukoo huwekewa kikomo. Kikomo kikiwa vizazi 3, na karani mwenye wasiwasi akaiendesha kazi mbovu mara 3 mpaka mwisho, kila mara huzaliwa mtoto mbovu na kila mara mzee mmoja mzima hutolewa. Asubuhi ukoo wote ni wabovu. Kwa hivyo kikomo kisiwe kidogo, na kazi isirudiwe hata mara moja mpaka mtu ameweka kando nakala ya kilichopo, hata kama anadhani kilichopo ni kibovu. Laiti kijana wetu angeambiwa neno hilo moja katika simu.

Tusidhani kwamba mambo haya hutokea kwa viwanda vya Afrika tu. Katika mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini baada ya hesabu za Serikali zilizotiwa katika mashine kuvurugika, na wako waliowacheka Watanzania kwa hilo. Lakini mwezi wa Juni 2012, huko Uingereza, benki kubwa ya RBS pamoja na wenzake NatWest na Ulster Bank walibadili programu inayopanga kazi zao za usiku. Jumapili tarehe 17 walitia programu mpya. Kulipoonekana kasoro, Jumanne tarehe 19 waliamua kurudisha ya zamani, bila kujaribu kwanza kama ya zamani itapatana na kazi zilizokwisha kupitia katika mpya. Haikupatana. Kazi za usiku zikarundikana, na watu zaidi ya milioni 6 na nusu wakapata taabu, mishahara yao haionekani, malipo yao hayaendi. Upande wa Ireland taabu iliendelea mpaka mwezi wa Julai.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Magazeti yalianza mara kutafuta mfanya kazi wa kulaumiwa, na maneno yakafika mpaka India, kwamba huko kuna mtu mgeni wa kazi aliyebonyeza pasipopasa. Uchunguzi wa wakuu wa kusimamia mabenki ulipokwisha, Novemba 2014, haukumtoza mtu wa zamu. Ulitoza benki paundi milioni 56, na kusema chini ya yote ni benki yenyewe iliyoshindwa kuwa na mitambo imara na ukaguzi unaofaa. Hilo ndilo tunalolisema sisi kwa kiwanda chetu, ila kiwanda chetu hakina wa kukitoza isipokuwa nyinyi na chama chenu.

Turudi Thika, na turudi nyuma kidogo. Wazee wetu waliofanya kazi katika mashamba ya kahawa na katani huku Thika na Ruiru wakati wa ukoloni walikuwa na tikiti. Tikiti ilikuwa na siku 30 za kazi, za kumalizwa katika siku 42. Kila jioni nyapara au karani alitia alama. Mtu akifanya kazi kutwa na alama isitiwe, siku hiyo haikuwako duniani. Mwenye kalamu alikuwa ndiye mwenye mshahara wako. Chama cha wafanya kazi kilipigania mambo mengi, lakini moja la kwanza lilikuwa hilo, kwamba hesabu ya siku za mtu isiwe mkononi mwa upande mmoja tu.

Faili la masaa ni tikiti ya leo, isipokuwa tikiti ya zamani ulilala nayo nyumbani kwako. Hii ya leo hukuiona wala hutaiona.

Sheria yasemaje? Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 20, humlazimisha mwajiri kumpa mfanya kazi hati ya mshahara yenye maelezo yake, wakati wa kulipwa au kabla yake. Lakini kifungu hicho hicho huwaacha nje vibarua, watu wa kulipwa kwa kipande, na walioandikwa kwa muda usiozidi miezi 6. Tazameni shimo hilo. Wale ambao faili likipotea hawana karatasi nyingine yo yote ya kuonyesha, ndio hao sheria haikuwapa karatasi. Na kibarua huyo huyo, akiwa amefanya kazi siku mfululizo zinazofika jumla ya mwezi mzima au zaidi, kifungu cha 37 humgeuza kuwa mtu wa mwezi, mwenye haki nyingine. Siku zake zikifutwa na mashine, atathibitishaje mwezi wake? Hatusemi kwamba mwajiri ye yote hufuta kwa makusudi. Twasema kwamba faili likipotea, upande unaoumia ni mmoja siku zote.

Juu ya kukatwa mshahara, kifungu cha 19 kinamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa kosa la kusudi la mfanya kazi. Neno ni kusudi. Kijana aliyepiga simu, akapewa amri, akaitii, kusudi lake liko wapi? Tena makato yote kwa jumla hayawezi kupita theluthi mbili za mshahara. Na kama wanataka kumfukuza kwa kosa, kifungu cha 41 kinampa haki ya kuelezwa kosa kwa lugha anayoielewa na kusikilizwa, akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe. Barua aliyopewa kijana wetu haikutaja lo lote katika hayo. Tumeijibu.

Wako wanachama waliotuuliza, na mmoja aliuliza kwa ukali, kwa nini chama kijitie katika mambo ya mashine. Kazi yetu si mishahara na masaa? Twamjibu kwamba mishahara na masaa yake yamo humo. Wakati wa kuandika mapatano tunabishana juu ya shilingi ngapi kwa saa, usiku kucha wakati mwingine, kisha tunamwachia mtu tusiyemjua aamue kwa mstari mmoja kama saa zenyewe zitakuwako asubuhi.

Kwa hivyo Halmashauri imeamua kwamba katika mapatano yajayo tutaleta kifungu kipya, na twataka wanachama wakijue kabla hatujakaa mezani. Tutataka kila kazi ya usiku inayogusa masaa au mishahara iandike faili jipya pembeni kwanza, ihesabu watu na masaa yaliyomo, ilinganishe jumla na ya jana pamoja na ya siku hiyo, na hapo tu ndipo jipya lichukue mahali pa la zamani. La zamani lisifutwe; liingie katika vizazi, visivyopungua mwezi mzima na siku kadhaa, na nakala moja ikae nje ya mashine ile. Hatua yo yote ikishindwa, zinazofuata zisimame. Na amri ya kuiendesha kazi upya isitolewe kwa maneno matupu ya simu. Iandikwe, hata kwa ujumbe wa simu, ijulikane nani aliitoa na saa ngapi. Pasipo amri iliyoandikwa, mtu wa zamu asiguse kitu, na kutogusa kwake kusihesabiwe kuwa uvivu.

Tumekwisha sikia jibu la matajiri, kwamba nafasi ya diski ni ghali. Haikuwa ghali kulipa watu wa kupekua vitabu vya wasimamizi kwa wiki mbili? Hata hivyo faili la masaa ya watu mia nane ni kitu kidogo sana kwa mashine ya leo. Picha chache za arusi katika simu ya mkubwa zinakula nafasi zaidi.

Neno moja kwa makarani wenyewe, kwa maana twawapenda lakini hatutaki kuwasifu bure. Wako kati yenu wanaobadili NEW kuwa OLD, au kubonyeza ndiyo bila kusoma, kwa sababu wanataka kwenda nyumbani. Chama kitawatetea siku ya barua. Lakini kitawatetea vizuri zaidi kama mna daftari la zamu lililoandikwa: saa, kazi, jibu lililotolewa na mashine, jina la aliyeamuru. Kijana wetu alikuwa na rekodi ya simu yake tu, inayoonyesha kwamba alizungumza na mkubwa dakika nne saa kumi na dakika kumi na mbili usiku. Yaliyosemwa katika dakika hizo nne, kila mmoja ana yake.

Na kwa vibarua: nunueni daftari dogo. Kila jioni andikeni tarehe, saa ya kuingia na ya kutoka, na jina la msimamizi. Akikubali kutia sahihi, vyema. Asipokubali, andikeni vilevile.

Mkutano wa tawi utakuwa Ngoingwa, Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane mchana. Kila mwanachama alete hati zake za mshahara za miezi mitatu iliyopita, na wasio na hati walete madaftari yao. Mzee mstaafu amekubali kuja kuzungumza na makarani baada ya mkutano. Shauri la kijana wa zamu ya usiku litasomwa mbele ya wote, pamoja na jibu la kiwanda kama litakuwa limefika.